Kutoka Ukutani Hadi Droo ya Makumbusho

Makumbusho mengi ya Afrika Mashariki na Kati yalianzishwa ili kuhifadhi vyombo, si picha. Makumbusho ya Taifa ya Burundi mjini Gitega yalianzishwa mwaka 1955, wakati wa utawala wa Wabelgiji, na yanajulikana kwa ngoma, mikuki, vikapu vya nakshi, vyungu na vifaa vya zama za mwami, yaani mfalme. Musée Vivant ya Bujumbura ilifuata mwaka 1977. Humo mna mamba na nyoka, bustani ya miti, na makazi ya jadi yaliyojengwa upya ili watoto wa mjini wayaone. Mkazi wa Jabe, mtaa wa jirani na Bwiza na Buyenzi ambako Kiswahili husikika kutwa, anaweza kwenda kuyaona hayo na kurudi nyumbani siku hiyohiyo bila haraka. Lakini akitaka kuona mchoro wa rangi wa miaka ya 1970 uliotoka katika kanda hii, au chapa ya mbao yenye namba na sahihi ya msanii, itambidi asafiri: Kigali, Kampala, Nairobi, na mara nyingi Amsterdam, Brussels au New York.

Hali hiyo ilitokana na namna watawala wa kikoloni walivyogawa vitu vya watu. Kitu kilichotengenezwa Afrika kilihesabiwa kuwa ushahidi wa kabila, kikapelekwa kwa wataalamu wa mila. Kitu kilichotengenezwa Ulaya kilihesabiwa kuwa kazi ya mtu fulani, kikapelekwa kwa wataalamu wa sanaa. Ndiyo maana kibandiko cha kikapu huandikwa mahali na kabila, na kibandiko cha picha huandikwa jina la mchoraji, mwaka na aina ya rangi. Aliyesuka kikapu naye alikuwa na jina, lakini hakuna aliyemwuliza. Mwafrika alipoanza kuchora kwenye karatasi na kitambaa na kutia sahihi, makumbusho ya vyombo hayakuwa na mahali pa kumweka, na makumbusho ya sanaa ya Ulaya yalikawia sana kumfungulia mlango.

Katika lugha ya makumbusho, kazi za grafiki ni kundi la kazi zilizofanywa juu ya karatasi au zilizopigwa chapa: michoro ya penseli na makaa, rangi za maji, vielelezo vya vitabu, mabango, stempu, na hasa chapa za kisanii. Chapa ya kisanii si nakala ya picha nyingine. Ni kazi iliyobuniwa tangu mwanzo ili izaliwe kwa wino na kibao. Njia kongwe ni ya mbao. Msanii huchora kinyume juu ya ubao, kisha huchonga na kuondoa sehemu zitakazobaki nyeupe. Sehemu zilizosalia juu hupakwa wino kwa rola, karatasi hulazwa, na mgongo wake husuguliwa kwa kijiko au kubanwa kwa mashine. Nyenzo ya kutandika sakafuni, yaani lino, hutumika vivyo hivyo na ni laini zaidi kuchonga, kwa hiyo shule nyingi huanzia hapo.

Njia ya asidi huenda kinyume cha hiyo. Sahani ya shaba au zinki hufunikwa kwa nta, msanii akachora kwa sindano hadi chuma kionekane, kisha sahani ikazamishwa kwenye asidi. Asidi hula pale tu sindano ilipopita. Wino huingizwa ndani ya mistari, uso wa sahani hufutwa, na mashine yenye uzito mkubwa huilazimisha karatasi yenye unyevu kuunyonya wino ule kutoka kwenye mifereji. Litografia hutegemea jiwe, na ukweli kwamba mafuta na maji hayachanganyiki. Njia ya skrini, ambayo wino husukumwa kupita kwenye kitambaa chembamba kilichozibwa baadhi ya sehemu, inajulikana na kila fundi anayechapa fulana za timu na za kampeni za uchaguzi mjini Bujumbura.

Kwa kuwa kibao kimoja hutoa nakala kadhaa, ulizuka utaratibu wa kuzihesabu. Chini ya chapa, upande wa kushoto, huandikwa kwa penseli namba kama 7/30, maana yake nakala ya saba kati ya thelathini. Upande wa kulia hukaa sahihi. Idadi ikitimia, ubao au sahani hukwaruzwa ili isitoke nyingine. Uzuri wa mpango huo ni bei. Makumbusho madogo yasiyo na fungu la kununua mchoro wa mafuta yanaweza kununua chapa, na nakala nyingine za kazi hiyohiyo zikabaki kwa msanii, kwa wanunuzi wengine na katika makumbusho mengine. Kwa nchi yenye bajeti ndogo, hakuna njia rahisi zaidi ya kuanza mkusanyiko wa sanaa ya kisasa, na ni ajabu kwamba njia hiyo haitumiki zaidi.

Mfano mzuri katika kanda hii ni Fred Mutebi wa Uganda. Yeye hutumia ubao mmoja kwa rangi zote. Hupiga chapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, akachonga ubao zaidi, akapiga rangi ya pili juu yake, akachonga tena, mpaka ubao wenyewe unakaribia kwisha. Akikosea hakuna kurudi nyuma, wala haiwezekani kuongeza nakala baadaye, maana ubao wa hatua ya kwanza haupo tena. Mutebi pia hufanya kazi kwa gome la mti wa mutuba, kitambaa ambacho Burundi nayo ilikivaa zamani kwa jina la impuzu. Mjini Nairobi, Peterson Kamwathi alijulikana kwanza kwa chapa kubwa za mbao kabla ya kugeukia michoro mikubwa ya makaa.

Historia ya picha za karatasi katika eneo la Maziwa Makuu ilianzia kwenye kuta. Mwaka 1926, huko Bukama katika Katanga, ofisa mmoja Mbelgiji aitwaye Georges Thiry aliona nyumba zilizopambwa kwa michoro. Akijua kwamba mvua na ukarabati vingeifuta, alimpa mchoraji, Albert Lubaki, karatasi na rangi za maji. Lubaki alichora wanyama, watu, miti na visa vya ngano kwa mistari michache iliyonyooka. Mkewe Antoinette naye alichora. Kazi zao zilionyeshwa Brussels mwaka 1929 na Geneva mwaka 1930. Baada ya hapo mawasiliano yalikatika, karatasi hazikupelekwa tena, na wachoraji wakapotea kwenye kumbukumbu. Sehemu kubwa ya karatasi hizo imehifadhiwa hadi leo Ubelgiji, zikiwemo zile zilizo katika Maktaba ya Kifalme mjini Brussels. Zilipoonyeshwa tena Paris mwaka 2015, katika onyesho la Fondation Cartier lililokusanya miaka tisini ya sanaa ya Congo, watazamaji wengi walishangaa kuona kwamba sanaa ya kisasa ya nchi hiyo ilianza mapema kiasi hicho. Ukuta wa Bukama haupo. Karatasi ndiyo iliyobaki, na ilibaki kwa sababu tu iliondoka.

Miaka ishirini baada ya Lubaki kupewa karatasi, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Karakana hiyo hujulikana kwa jina la Hangar. Hakuwafundisha wanafunzi wake kuiga picha za Ulaya; alitaka kila mmoja atafute mkono wake, na kweli mikono hiyo inatambulika hata kwa mtu asiyesoma sahihi. Pilipili Mulongoy alijaza picha zake samaki, ndege na nyoka, na nyuma yao akatandaza nukta na majani mfano wa kitambaa. Mwenze Kibwanga alijenga miili kwa mistari mifupi iliyopangwa sambamba. Bela, aliyetoka Chad, alichora kwa ncha za vidole. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na kufikia wakati huo mjini mlikuwa na chuo cha sanaa kilichofunguliwa na Laurent Moonens mwaka 1951, ambako baadhi ya wanafunzi wa Hangar walihamia. Wanunuzi wakubwa wa picha za Hangar walikuwa Wazungu wa mjini na wageni. Kwa hiyo nyingi zilifungwa kwenye masanduku pamoja na mizigo mingine ya nyumbani wakati wa misukosuko ya uhuru wa Congo mwaka 1960.

Wachoraji wa kizazi kilichofuata Lubumbashi walikuwa na wateja wa namna nyingine kabisa, na hapa ndipo historia hii inapofika karibu zaidi na maisha ya mtaa kama Jabe. Kufikia miaka ya 1970, mfanyakazi wa mgodi, karani au mwalimu wa Katanga alikuwa akinunua picha ya kutundika sebuleni kwa bei ya mfuko wake. Mada zilirudiwarudiwa kwa sababu wateja waliziomba: mamba muntu, yule nguva mwenye nywele ndefu aletaye utajiri kwa masharti, askari wa kikoloni akimchapa mfungwa viboko mbele ya ofisa, kijiji cha zamani kando ya mto. Waliochora na walionunua waliziita picha hizo ukumbusho. Zilichorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kwa rangi yoyote iliyopatikana, na mchoraji alizipitisha mwenyewe nyumba kwa nyumba.

Mmoja wao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mwishoni mwa 1973 alifika kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, akiwa na picha za kuuza. Mazungumzo yao yalizaa mradi usio na mfano wake: Tshibumba aliamua kuchora historia nzima ya nchi yake, tangu kabla ya wakoloni, kupitia Leopold II, uhuru, Lumumba, kujitenga kwa Katanga na utawala wa Mobutu, hadi wakati ujao kama alivyouwaza. Picha zilifika 101. Kila alipoleta fungu jipya, alikaa na kueleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na Fabian akarekodi. Mchoraji huyu hakujiona fundi wa mapambo. Alijiona mwanahistoria, na katika maelezo yake hubishana na vitabu vya shule bila woga. Katika picha zake Lumumba ni shahidi aliyeteswa, na katika picha ya kifo chake kuna dalili za wazi za Kalvari.

Baada ya miaka ya mwanzo ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena, na hatima yake haikujulikana. Picha 101 zilikwenda na Fabian, na mwaka 2000 zikaingia katika Tropenmuseum ya Amsterdam, ambayo tangu 2023 inaitwa Wereldmuseum. Fabian alizichapisha pamoja na mazungumzo yake na mchoraji katika kitabu cha mwaka 1996. Sauti hiyo ya mchoraji ina uzito wake. Picha nyingi za Kiafrika zilizo katika makumbusho ya Ulaya hazina maelezo ya aliyezichora, zina maelezo ya aliyezinunua tu. Mkusanyiko wa Tshibumba ni tofauti kwa sababu mchoraji mwenyewe anasikika, tena kwa lugha ambayo muuza nguo wa Jabe angeielewa bila mkalimani, ingawa angecheka baadhi ya maneno. Kama kuna mkusanyiko mmoja ambao ungestahili kuzungushwa Lubumbashi, Bukavu, Bujumbura na Kigoma, ni huo.

Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, karibu na Brussels, ndiyo yenye mkusanyiko mkubwa zaidi wa vitu vilivyotoka Congo, Rwanda na Burundi. Yalifungwa mwaka 2013 kwa ukarabati na kufunguliwa tena Desemba 2018, wasimamizi wakiahidi kuachana na sura ya kikoloni. Miongoni mwa kazi zinazozungumzia badiliko hilo ni mchoro wa Chéri Samba wa mwaka 2002, uitwao Réorganisation. Waafrika wanaivuta kwa kamba sanamu maarufu ya mtu-chui ili kuitoa nje ya jumba, na Wazungu wanaivuta kuirudisha ndani, mkurugenzi akiwa amesimama akitazama. Chéri Samba alianza kazi Kinshasa kama mchora mabango ya maduka. Alipofungua karakana yake mwaka 1975 alikuwa bado kijana wa chini ya miaka ishirini, na mwaka 1989 picha zake zilikuwa Paris katika onyesho la Magiciens de la terre. Maneno anayoyaandika ndani ya picha zake, yenye kejeli na mawaidha, yanatokana na mazoea yaleyale ya bango la kinyozi.

Upande wa Uganda mambo yalikwenda kwa njia ya shule. Margaret Trowell alianza kufundisha kuchora barazani kwake Kampala mwaka 1937, na darasa hilo likawa shule ya sanaa ya chuo cha Makerere. Trowell huyohuyo alisimamia pia Makumbusho ya Uganda katika miaka ya 1940, kwa hiyo vyombo na picha vilipita mikononi mwa mtu mmoja, jambo ambalo ni nadra. Makerere ilifungua jumba lake la maonyesho mwaka 1969, na mkusanyiko wa chuo ukawa kumbukumbu ya kazi za wanafunzi waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko. Mmoja wa wanafunzi wa mwanzo alikuwa Sam Ntiro, Mchaga aliyezaliwa mwaka 1923, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Tanganyika mjini London. Mchoro wake wa mwaka 1956, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ulinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1960. Wakati Tanganyika haijapata uhuru, pombe ya Kilimanjaro ilikuwa tayari imetundikwa Manhattan.

Nairobi iliponea kwa wakusanyaji binafsi. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya vitabu, vinyago, vitambaa, picha na stempu kwa bidii ya ajabu, na sehemu ya mali hiyo inaonyeshwa katika Nyaraka za Taifa katikati ya jiji. Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yenyewe yalikuwa kwa muda mrefu na picha za Joy Adamson, ambaye serikali ya kikoloni ilimwajiri mwishoni mwa miaka ya 1940 kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi yao. Ni kazi ya ustadi, ila aliyechorwa ndani yake anabaki kuwa mfano wa kabila. Jumba lilipofunguliwa upya mwaka 2008 lilikuwa na chumba cha maonyesho ya wasanii walio hai. Kuna pia funzo chungu la Paa ya Paa, kituo ambacho Elimo Njau na wenzake walikianzisha mwaka 1965: mwaka 1997 moto uliteketeza jengo na kazi nyingi zilizokuwamo. Mkusanyiko usiokuwa na nakala wala picha za kumbukumbu ukiungua, umekwisha.

Dar es Salaam ilikuwa na Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, ambako vijana walijifunza chapa za asidi, batiki na uchongaji. George Lilanga alipitia hapo, akahamisha mashetani yake ya Kimakonde kutoka kwenye mti hadi kwenye karatasi na sahani ya chuma. Robino Ntila naye alijulikana kwa chapa. Edward Said Tingatinga alikuwa ameanza kazi jijini humo mwaka 1968 kwa ubao wa hadibodi na rangi ya kupaka baiskeli, akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, alipodhaniwa kuwa mhalifu. Picha zake mwenyewe si nyingi, na zilizopo ziko zaidi Ulaya na Japani. Zinazouzwa barabarani ni za wafuasi.

Kwa Bujumbura, makumbusho ya sanaa ya kisasa yaliyo karibu ni ya Rwanda, na historia yake inagusa Burundi mara mbili. Mwaka 2006 Rwanda iliyaweka katika jumba la Rwesero, Nyanza, lililojengwa kwa ajili ya Mwami Mutara III Rudahigwa. Yeye hakuwahi kulikalia: alifariki Julai 1959 mjini Usumbura, jina la zamani la Bujumbura. Mwaka 2018 mkusanyiko ulihamishiwa Kanombe, Kigali, katika nyumba iliyokuwa ya Rais Juvénal Habyarimana. Karibu na uzio wake yangali mabaki ya ndege iliyotunguliwa Aprili 6, 1994, ambamo Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi pia alikufa. Ndani mna michoro, sanamu na kazi za imigongo, nakshi za pembe na mistari zilizofinyangwa kwa samadi na kupakwa rangi. Ni safari ya siku moja kwa barabara mipaka ikiwa wazi. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda.

Kuwa na mkusanyiko ni nusu ya kazi, na kwa kazi za karatasi ni chini ya nusu. Karatasi ya bei nafuu ina asidi ndani yake, ndiyo inayoligeuza gazeti kuwa la kahawia baada ya miezi michache dirishani. Mwanga huharibu rangi na uharibifu huo haurudi nyuma. Kwa sababu hiyo vyumba vya chapa na rangi za maji huwa na mwanga hafifu, wa lux 50 hivi, wakati mwanga wa jua la nje unaweza kufika lux 100,000. Hata kwa mwanga huo mdogo, kazi huonyeshwa kwa miezi mitatu au minne, kisha hurudishwa gizani kwa muda mrefu. Mgeni anayekuta chapa aliyoiona mwaka jana imeondolewa asidhani imeibwa.

Mjini kama Bujumbura, kando ya ziwa, adui wa kwanza ni unyevu. Kuvu huanza kustawi hewa inapozidi takriban asilimia 65 ya unyevunyevu, na msimu wa mvua kuanzia Oktoba hadi Mei hupita kiwango hicho kwa urahisi. Mchwa, mende na wadudu walao gundi humaliza kilichobaki. Tiba zake hazihitaji mitambo mikubwa: karatasi zisilazwe sakafuni wala kugusa ukuta wa nje, chumba kipitishe hewa, kila kazi iwekwe kati ya karatasi zisizo na asidi na kulazwa kwenye droo pana bila kukunjwa. Fremu iachwe na nafasi kati ya kioo na picha, maana karatasi iliyogusa kioo huganda. Picha za magunia ya unga zina tabu nyingine: kitambaa hulegea na kukaza kwa mabadiliko ya hewa, na rangi ya dukani, isiyotengenezwa kwa ajili yake, hupasuka na kubanduka. Wahifadhi hutumia saa nyingi kubandika vipande vidogo vya rangi vilivyobanduka kwenye picha ambayo siku ya kwanza iliuzwa kwa bei ya chakula cha wiki.

Kazi za grafiki za Burundi ambazo zimesafiri zaidi ni zile ambazo watu hawazihesabu kuwa sanaa. Stempu za Ruanda-Urundi za mwaka 1948 zilikuwa na sanamu na vinyago, nakshi zilezile zilizotumika Congo ya Kibelgiji. Zilifuata za maua mwaka 1953 na za wanyama mwaka 1959. Uhuru ulipofika Julai 1, 1962, stempu za maua na wanyama zilipigwa chapa juu kwa maneno ya ufalme wa Burundi. Ufalme ulipoangushwa Novemba 1966, maneno ya jamhuri yakapigwa juu ya stempu zilizokwisha kuchapwa, na neno la ufalme likafutwa kwa wino. Tabaka tatu za utawala zinaweza kusomwa katika albamu moja ya kurasa chache. Vitenge na kanga navyo ni chapa, na Makumbusho ya Uingereza mjini London yaliviweka katika onyesho la vitambaa vya Afrika mwaka 2013. Kanga za alama ya Mali ya Abdulla za Mombasa zina namba na jina la kampuni, kumbukumbu kamili kuliko ya michoro mingi.

Jabe na mitaa ya jirani bado ina vinyozi, gereji na maduka ya dawa yenye mabango yaliyochorwa kwa mkono, yenye vichwa, magari, sindano na herufi za kivuli. Kila mwaka mengine hubadilishwa kwa mabango ya plastiki yanayotoka kwenye mashine. Hakuna anayelazimika kuyapenda yale ya zamani. Lakini Lubaki na Chéri Samba walitoka kwenye kuta na mabango ya aina hiyo, na makumbusho ya nchi za mbali ndiyo yaliyowatambua kabla ya watu wa kwao. Mwenye bango la zamani, picha ya gunia iliyoletwa kutoka Uvira au Lubumbashi, chapa, albamu ya stempu au tangazo la tamasha la miaka iliyopita asivichome wala kuvifunikia mahindi. Aandike nyuma ya kila kimoja, kwa penseli na wala si kwa kalamu ya wino, jina la aliyekitengeneza, mahali na mwaka. Akipige picha kwa simu. Akiweke gizani, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu. Siku Gitega au Bujumbura itakapotenga chumba kwa ajili ya picha, mkusanyiko wa kwanza hautatoka Amsterdam. Utatoka majumbani.